Katavi Inaanzia Mlimani

Picha za Hifadhi ya Taifa ya Katavi, magharibi mwa Tanzania, zinazosambaa duniani karibu zote zimepigwa bondeni. Viboko kwa mamia wamebanana kwenye tope la mto Katuma pale Sitalike na Ikuu. Nyati wametanda katika mbuga ya Katisunga mpaka jicho linachoka kuwafuata. Mamba wamejichimbia kwenye mapango ya kingo za mto wakisubiri mvua za Novemba. Ni picha za kweli, na aliyeziona hahitaji kuongezewa maneno. Lakini zimetujengea mazoea mabaya. Tumeanza kuamini kwamba Katavi ndiyo hiyo mbuga, na kwamba ile milima ya samawati inayoonekana kwa mbali nyuma ya nyati ni pazia tu la mpiga picha. Hoja ya makala haya ni kwamba mambo yako kinyume. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mbuga ya Katavi imeundwa juu, kwenye vilima vya Mwese, Ntakata na Mlele. Tukiendelea kulinda bonde kwa askari na bunduki huku vilima tukiviachia kila halmashauri na mipango yake, siku moja tutakuwa na hifadhi yenye mipaka kamili kwenye ramani na vumbi tupu ndani yake.

Umbo la nchi hii lilitengenezwa na nguvu ambazo bado hazijalala. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa limeipasua ardhi ya hapa mara mbili: upande mmoja likachimba Ziwa Tanganyika, upande wa pili likachimba bonde la Rukwa, na katikati ardhi ikabaki imenyanyuka. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, Rukwa karibu mita 800, ilhali nyanda za juu za Mwese hupita mita 1,500 na kuwa na baridi inayomshangaza mgeni aliyetoka kwenye joto la mji wa Mpanda asubuhi hiyohiyo. Upande wa kusini-magharibi wa hifadhi unasimama ukuta wa Lyamba lya Mfipa, mashariki ukuta wa Mlele, na katika kingo hizo kuna maporomoko ya Ndido na Chorangwa ambayo Watanzania wengi hawajapata hata kuyasikia. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kurekodiwa Afrika Mashariki. Kuta hizi si masalio ya zamani iliyokwisha, zingali zinajengwa. Na juu ya mawe hayo umelala msitu wa miombo, pamoja na mininga na mikurungu yake, wenye tabia ambayo peke yake ingetosha kumleta mtu huku. Hausubiri mvua ndipo uchipue. Huchipua wiki kadhaa kabla, Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa kavu kabisa, na majani yake machanga huwa mekundu, ya rangi ya shaba na ya zambarau kabla hayajageuka kijani. Katika msimu ambao kamera zote zimeelekezwa kwenye tope la viboko, vilima vilivyo juu yao vinawaka rangi, na hakuna anayevitazama.

Mvua ya miinuko hii, takriban milimita 1,000 kwa mwaka, haishuki kwa njia moja. Ile ya mteremko wa magharibi huingia Ziwa Tanganyika moja kwa moja. Ile ya kaskazini na mashariki huzunguka kwa mto Ugalla, kisha Malagarasi, ndipo ifike kwenye ziwa hilohilo baada ya safari ndefu. Inayoshuka kusini huingia Katuma, na safari hiyo haiishii baharini. Katuma hutoka katika vilima vya wilaya ya Tanganyika, magharibi mwa mji wa Mpanda, hupita Kakese na Mwamkulu kwenye mashamba ya mpunga, huingia hifadhini pale Sitalike, hutandaa kuwa Ziwa Katavi, hukata Katisunga, hukutana na maji ya Kapapa kwenye Ziwa Chada, kisha hutoka kwa jina la Kavuu kwenda kuishia Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Katavi na Chada si maziwa ya kudumu. Ni mto uliopata mahali pa kupumzika wakati wa masika, na kiangazi kikikolea hurudi kuwa nyasi na madimbwi. Kwa hiyo kila kinachoitwa kivutio katika hifadhi hii, kuanzia kiboko hadi nyasi anazokula nyati, kinategemea mto mmoja ambao chanzo chake kiko nje ya mpaka.

Wataalamu waliliona hilo mapema. Mwaka 2010 Manase Elisa na wenzake walichapisha mapitio ya tatizo la maji katika maeneo yaliyohifadhiwa nchini, wakiweka mkazo kwenye Katuma na Rukwa, na picha waliyoichora haikuwa ya kubembeleza: mto uliokuwa ukitiririka kiangazi chote ulikuwa umeanza kukatika, na miongoni mwa sababu kubwa ni maji kuchepushwa na kuzuiwa kwa ajili ya umwagiliaji kabla hayajafika Sitalike. Tazama basi jinsi ramani ilivyotuhadaa. Wajerumani walilitenga eneo hili kwa ajili ya wanyama mwaka 1911. Baada ya Uhuru likawa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Mwaka 1998 likapanuliwa hadi kukaribia kilomita za mraba 4,500. Kila mara mpaka ulifuata mahali wanyama walipo. Hakuna hata mara moja ulipofuata mahali maji yanapotoka.

Mfano wa kujifunzia haupo Serengeti. Upo, ajabu kidogo, kwenye vilima vya kaskazini mwa Uingereza. Kwa kipimo cha urefu ulinganisho huu unachekesha: kilele kirefu kuliko vyote katika England, Scafell Pike, kina mita 978, wakati mji wa Mpanda wenyewe umejengwa juu zaidi ya hapo. Lakini Waingereza walifanya jambo moja ambalo sisi hatukulifanya. Walipoanzisha hifadhi zao za taifa kwa sheria ya mwaka 1949, walizungushia nyanda za juu zenye watu. Ya kwanza, Peak District, ilitangazwa Aprili 1951 kati ya miji ya viwanda ya Manchester na Sheffield, na hadi leo makumi ya maelfu ya watu wanaishi ndani yake, wanafuga kondoo, wanakarabati kuta zao za mawe na kunywa bia katika vijiji vyao. Sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu binafsi. Mamlaka ya hifadhi haimfukuzi mtu. Ina sauti katika nini kijengwe, wapi na kwa namna gani. Milima hiyo ndiyo inayoinywesha miji. Bwawa la Ladybower, lililojaa mwaka 1945 na kuvizamisha vijiji vya Ashopton na Derwent, hupeleka maji Sheffield, Derby, Nottingham na Leicester. Na tangu mwaka 1894 Manchester imekuwa ikinywa maji ya Thirlmere, ziwa la Lake District lililogeuzwa bwawa licha ya kelele nyingi za wapenda mandhari. Lake District hiyo iliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kama mandhari ya utamaduni, yaani kazi ya mchungaji na ya mlima kwa pamoja.

Hata hivyo tusiwasifu kupita kiasi, maana vilima vyao vina somo la pili, nalo ni chungu. Kinachoonekana kizuri pale si lazima kiwe kizima. Maua ya zambarau yanayofunika miinuko ya Peak District mwezi Agosti yamedumishwa kwa sehemu kubwa na uchomaji wa mara kwa mara, ili ndege wa kuwindwa na matajiri wapate machipukizi. Chini ya maua hayo udongo wa mboji ulikaushwa kwa mitaro, ukaunguzwa na moto, ukatiwa sumu kwa zaidi ya karne na moshi wa viwanda vya Manchester, mpaka ukaanza kumomonyoka kwenda mabwawani. Tangu mwaka 2003 kuna mradi mkubwa wa kuziba makorongo na kuotesha upya mimea. Watalii waliendelea kupiga picha miaka yote ya uharibifu huo. Ndiyo maana naona hoja ya uzuri haijitoshelezi. Mashamba ya Mwamkulu mwezi Februari, majaruba yakiwa yamejaa maji na mpunga umestawi, ni mandhari ya kupendeza kweli, na ni mandhari hayohayo yanayounywa mto. Macho peke yake hayatuambii lolote. Mwenye kutuambia ukweli ni mto wenyewe ukifika Oktoba.

Kabla ya kufika kwenye pingamizi, ni lazima kuondoa dhana moja inayowapotosha watetezi wa hifadhi kuliko mtu mwingine yeyote: kwamba Katavi ilikuwa pori tupu tangu mwanzo, na kwamba binadamu ni mvamizi wa juzi. Wabende, Watongwe, Wapimbwe na Wakonongo walikuwa na vijiji, mashamba na biashara katika nchi hii kabla ya mpaka wowote kuchorwa. Stanley na Livingstone walipopita Januari na Februari 1872, wakitoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kwenda Tabora kupitia Ukawendi, walikuta nchi ambayo tayari ilikuwa imetikiswa na vita vya pembe na watumwa. Baadaye ikaja sotoka ya miaka ya 1890 ikafyeka ng'ombe na wanyamapori, ikaja ndui, vichaka vikarudi mahali palipokuwa mashamba, na mbung'o wakarudi na vichaka. Mtafiti Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki, alionyesha jinsi jamii zilivyokuwa zikiwazuia mbung'o kwa kulima, kuchoma na kulisha mifugo, na jinsi uwezo huo ulivyovunjika. Serikali ya Waingereza ikakamilisha kazi: kuanzia miaka ya 1920 watu wa magharibi mwa Tanganyika walihamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika na kukusanywa katika makazi makubwa ili kupambana na malale. Upweke ambao mtalii anaulipia leo ulitengenezwa na magonjwa, vita na amri za serikali.

Historia hiyo inakata pande mbili. Inamnyima mhifadhi haki ya kusema kwamba kilima kizuri ni kile kisicho na mtu. Lakini pia inamnyima mwanasiasa haki ya kusema kwamba ardhi iliyo wazi ni ardhi iliyokosa mwenyewe na inapaswa kugawiwa. Nusu ya pili ya karne iliyopita iligawa nyingi: wakimbizi kutoka Rwanda walipewa makazi Mwese miaka ya 1960, wa Burundi wakapewa Katumba baada ya mauaji ya mwaka 1972 na Mishamo mwaka 1978, na wengi wao walipata uraia wa Tanzania baadaye, nao Wasukuma walihamia na ng'ombe na jembe la kukokotwa. Wote hao ni watu wenye haki zao, na wamelifanya eneo hili kuwa ghala la chakula. Tatizo ni kasi. Mkoa wa Katavi ulipozaliwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Rukwa, sensa ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine nchini ulioongezeka kwa kiwango hicho katika muongo huo. Mpango uliofaa kwa mkoa wenye watu nusu milioni haufai tena, na vilima ndivyo vinavyolipa kwanza, kwa sababu tambarare zenye rutuba zilishachukuliwa.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la mkulima wa mpunga, nalo halijibiwi kwa kejeli. Atauliza: watoto wangu na kiboko, nani atangulie? Jibu la haki ni watoto. Ila swali hilo limewekwa vibaya. Kinachoua mto ni namna maji yanavyochukuliwa, na muda wake. Mfereji wa udongo usio na mlango huvuta maji mchana na usiku, shamba liwe na mpunga au liwe limevunwa. Nusu ya safari maji yamezama njiani. Banio lililojengwa kwa mifuko ya mchanga hufunga mto wote badala ya kuchukua sehemu. Mkulima angeweza kuhifadhi maji ya masika, ambayo mto unayo ya kumwaga mpaka yanafurika, na kuuachia mto maji machache ya Agosti hadi Oktoba ambayo yeye mwenyewe hayahitaji sana kwa zao linalopandwa kwa mvua. Banio lenye mlango wa chuma na mfereji uliosakafiwa ni gharama, sikatai, lakini ni gharama ya skimu moja, si ya kuhamisha kijiji. Na mkulima huyohuyo ana sababu yake ya kuogopa kinachotokea juu. Kilima kilichofyekwa humpelekea mafuriko ya mchanga Januari na mto mkavu Julai. Wapo wataalamu wanaokumbusha, na wana haki, kwamba miti nayo hunywa maji, na kwamba jumla ya maji ya mwaka yanaweza hata kuongezeka msitu ukikatwa. Kweli. Lakini jumla ya mwaka haimsaidii kiboko wala mwanamke wa Sitalike mwenye ndoo. Msitu kazi yake ni kuipunguza kasi mvua ipate kuzama, kisha itoke kidogokidogo kwenye chemchemi miezi ambayo hainyeshi.

Wengine watasema sheria zipo, tusiombe mpya. Zipo kweli. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayechepusha maji, na inatambua jumuiya za watumia maji. Kuna bodi ya maji ya bonde la Ziwa Rukwa yenye makao Mbeya. Udhaifu hauko kwenye karatasi. Mita 60 ni kipimo cha ukingo. Hakisemi kitu juu ya mteremko wa kilomita tano ulio juu ya ukingo huo, ambako mkaa unachomwa na mahindi yanapandwa kwa kufuata mteremko badala ya kuukinga. Bodi inafuata mkondo wa maji, lakini fedha, kura na maofisa kilimo vinafuata mipaka ya halmashauri. Na Katuma unapita halmashauri nne: Tanganyika unakozaliwa, Manispaa ya Mpanda unakomwagilia, Nsimbo unakoingia hifadhini, Mpimbwe unakotokea ukiwa Kavuu. Halmashauri ya juu ikiruhusu shamba jipya hupata ushuru wa mazao. Hasara huandikwa kwenye daftari la halmashauri ya chini, au la TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, au haiandikwi kabisa.

Kuna pia wanaodhani kwamba kuzungumzia mandhari ni anasa ya wageni, jambo la watu walioshiba. Historia ya vilima vya Uingereza inawakatalia. Tarehe 24 Aprili 1932 waliopanda Kinder Scout bila ruhusa ya wenye ardhi, wapatao 400, walikuwa hasa vijana wa viwandani kutoka Manchester na Sheffield, wakiongozwa na kijana wa miaka 20, Benny Rothman. Watano walifungwa. Miaka 17 baadaye sheria ya hifadhi za taifa ikapitishwa. Waliotaka kilima walikuwa wale waliopumua moshi juma zima. Nasi hatukuhitaji kufundishwa na wao kwamba mahali pana heshima yake. Hifadhi ya Katavi imepata jina kutoka kwa Katabi, mzimu ambao kwa masimulizi ya Wabende unakaa katika mkwaju ulio karibu na ziwa, na watu wameendelea kupeleka sadaka pale hata baada ya mahali hapo kuzungukwa na mpaka wa serikali. Mti ule haukulindwa na bango. Ulilindwa kwa sababu mvua, mawindo na afya ya watu vilihesabiwa kuwa kitu kimoja na mahali hapo. Mtu anaweza kuikataa imani hiyo na bado akakubali kwamba iliona uhusiano ambao mipango yetu ya sasa imeugawa kwa wizara tatu.

Vilevile si kweli kwamba hakuna kilichojaribiwa. Katika milima ya Ntakata, wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane, Mwese na Katuma vikiwemo, vimetenga zaidi ya hekta 200,000 za misitu yao na kuuza hewa ukaa iliyohifadhiwa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania. Fedha huingia kwa serikali za vijiji, na zimejenga zahanati na madarasa na kulipa askari wa msitu wanaotoka vijijini humohumo. Misitu hiyo ni makazi ya tembo na ya sokwe, na hilo si dogo: sokwe wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, si Gombe wala Mahale, bali katika misitu kama hii. Yote yamefanyika bila kuhamisha mtu, kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambazo nchi nyingi za Afrika hazina mfano wake. Nina mashaka yangu. Bei ya kaboni inapangwa kwenye masoko ambayo mwenyekiti wa kijiji hayaoni. Inaweza kuporomoka mwaka ambao kijiji kimeshaanza jengo. Mfugaji aliyezoea kupitisha ng'ombe msituni hahesabiwi sawa na mwenye shamba. Na fedha nyingi zikiingia kijiji kidogo ghafla, uchaguzi wa viongozi hubadilika sura. Lakini mashaka hayo ni ya namna ya kuendesha mradi. Jambo la msingi limethibitika: msitu uliosimama juu ya kilima unaweza kumlipa anayeishi chini yake.

Kilichobaki ni kwamba mnunuzi wa kaboni analipia hewa, halipii maji. Anayefaidi maji ya Ntakata na Mwese ni mkulima wa Kakese na mgeni anayelipa kiingilio pale Sitalike, na hao wawili hawatoi hata senti kwa anayelinda chemchemi. Wazo la kuwatoza si geni nchini. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa milima ya Uluguru, Morogoro, walilipwa ili walime kwa matuta na kupanda miti, katika mpango ulioihusisha DAWASCO, iliyokuwa ikiuza Dar es Salaam maji ya mto Ruvu. Mpango ulikuwa mdogo na ulitegemea wafadhili, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi: tope lililozuiwa mlimani ni gharama iliyookolewa mjini. Katavi ina nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa mto ni mfupi, wanaochepusha maji wanajulikana kwa majina ya skimu zao, na hifadhi inakusanya viingilio mahali palepale mto unapoingia.

Upande wa mashariki, Mlele, uhusiano wa watu na miombo umechukua sura nyingine. Wakonongo wa Inyonga ni warina asali tangu enzi na enzi, na ndani ya msitu wa hifadhi wa milima ya Mlele kumetengwa eneo la wafuga nyuki, linalosimamiwa na chama chao, nao huweka mizinga na kufanya doria dhidi ya majangili na wakata mbao. Asali inahitaji miti inayochanua. Hilo humfanya mrina asali kuwa mlinzi bila kuhubiriwa. Ila hata hapa pana la kurekebisha: mzinga wa gome, ulio wa asili na wa bei nafuu, huchunwa kwenye mti mzima ambao mara nyingi hufa, na idadi ya mizinga ikiongezeka kufuata soko, ulinzi hugeuka kuwa uharibifu wa polepole. Mzinga wa mbao au wa kisasa una gharama yake. Fedha za kumsaidia mrina kubadili mzinga ni kidogo mno zikilinganishwa na za kurudisha mto.

Kazi inayopaswa kuanza haihitaji hifadhi mpya. Inahitaji mpango mmoja wa matumizi ya ardhi unaoanzia kwenye vigawa maji na kushuka hadi Kavuu, uliotiwa saini na halmashauri zote nne, bodi ya bonde, TANAPA na Wakala wa Huduma za Misitu. Uonyeshe vilima ambavyo havitalimwa, vitakavyolimwa kwa matuta na vitakavyobaki malisho. Upange kiasi cha chini cha maji ambacho hakuna banio linaloruhusiwa kukigusa. Na utenge asilimia ya viingilio vya hifadhi na ya ushuru wa mpunga kwa vijiji vya chanzo. Halafu kiwekwe kipimo cha mtiririko pale Sitalike, chini kidogo ya banio la mwisho, na tarakimu yake ya Oktoba isomwe kwa sauti katika mabaraza ya madiwani ya Tanganyika, Mpanda, Nsimbo na Mpimbwe kila mwaka kabla bajeti ya umwagiliaji haijapigiwa kura.